Tupeane uzoefu: uligongwa, dereva akakimbia. Msaada wa kisheria uliupataje?

Mwanzisha mada:
Wakuu, mdogo wangu kagongwa akiwa kwenye pikipiki, gari likatokomea. Kavunjika mfupa wa paja, kazi imesimama. Kila tunayemuuliza anasema, "Dereva hajulikani, mtamdai nani?" Mliopitia haya mlianzia wapi?

Mchangiaji wa kwanza:
Pole sana mkuu, mfikishie mgonjwa pole zetu. Hilo swali na mimi niliulizwa, tena na wakili! Akataka jina la dereva, nilipokosa akafunga faili. Wa pili hakuuliza habari za dereva kabisa, aliuliza kama nyumbani kwetu kuna gari lenye bima. Kumbe bima ya mume wangu ilikuwa na kipengele cha kuwalipa wanafamilia wakiumizwa na dereva asiyejulikana, hata kama walikuwa wanatembea kwa miguu. Tukadai huko. Sio kila bima ina kipengele hicho, kwa hiyo someni mkataba wote, na mtoe taarifa mapema. Mara nyingi wanataka ajali iwe imeripotiwa polisi ndani ya muda fulani.

Mchangiaji wa pili:
Niko Uingereza. Huku kuna Motor Insurers' Bureau, ipo tangu 1946, na kampuni za bima ndizo zinazoichangia. Aliyeumizwa na dereva aliyekimbia anapeleka dai lake pale. Nchi nyingine kadhaa zina mfuko wa aina hiyo, ila wananchi wengi hawana habari. Kwa hiyo ukikutana na wakili, swali la kwanza liwe: "Dereva asipopatikana kabisa, analipa nani?" Akibabaika, tafuta mwingine.

Mchangiaji wa tatu:
Mnazungumzia mawakili, ushahidi je? Picha za kamera hazikai milele, mitambo mingi hufuta za zamani yenyewe ili kupata nafasi. Wakili wa dada yangu, kabla hata ya kufungua faili, alimwandikia mwenye jengo lililo jirani na eneo la ajali asifute chochote. Kamera haikuonyesha namba za gari, ila ilionyesha rangi na njia lilikoelekea. Halafu shemeji alikuwa ameokota kipande cha taa barabarani, kina namba ya kiwanda. Kwa namba hiyo polisi wakajua ni gari aina gani, wakaja kulikuta kwa fundi linabadilishwa taa. Mdogo wako alikuwa amevaa nini siku hiyo? Nguo zisifuliwe, na pikipiki isitengenezwe kwanza. Rangi ya gari huwa inabaki.

Mchangiaji wa nne:
Angalizo: vishoka wa wodini. Anakuja na fomu, anajua jina la mgonjwa (sijui huwa wanaambiwa na nani), anataka saini hapo hapo. Msisaini. Chama cha mawakili kinajua nani ana leseni hai.

Mchangiaji wa tano:
Kwenye malipo, kuna nchi wakili anaruhusiwa kuchukua asilimia ya fidia mkishinda, kwingine ni marufuku. Kama ni asilimia, ulizeni inakatwa kabla au baada ya kutoa gharama, na ripoti ya daktari inalipiwa na nani. Iwe kwa maandishi. Pesa ikiwa hakuna, vyuo vikuu vyenye kitivo cha sheria mara nyingi vina kliniki ya msaada wa bure.

Mwanzisha mada:
Asanteni sana, nguo tunazo, hazijafuliwa. Swali moja: polisi wanasema tusubiri upelelezi uishe. Tusubiri?

Mchangiaji wa tatu:
Hapana mkuu. Kesi ya jinai ni ya serikali, fidia ni dai lenu, na lina ukomo wake wa muda ambao kwa kawaida hausimami kwa sababu polisi bado wanatafuta. Chukueni namba ya taarifa na jina la mpelelezi, muende navyo kwa wakili wiki hii.