Msaada: urefu wa risasi za .308 za kujaza mwenyewe, nifuate kipimo gani?

Mlenga_Texas
Wakuu habari zenu. Niko huku Texas, nimeanza kujaza mwenyewe risasi za .308 Winchester kwa ajili ya msimu wa kulungu. Kinachonichanganya ni urefu wa risasi nzima, toka kitako cha ganda mpaka ncha ya kichwa (kile kinachoruka). Kitabu cha watengeneza vichwa kinasema inchi 2.750, cha watu wa baruti kinasema 2.800, na vyote ni kichwa cha uzito wa greini 165, halafu kikomo cha SAAMI (chombo cha Marekani cha viwango vya risasi) ni 2.810. Bunduki ni ya bolti, magazini ya kuchomoa. Nifuate kipi, na nikizidisha kidogo kuna shida gani?

fundi_wa_benchi
Karibu mkuu. Vitabu vyote viko sawa, kila kimoja kinataja urefu waliotumia wao na kichwa chao. Vichwa viwili vya greini 165 vinaweza kuwa na pua tofauti kabisa, kimoja butu kingine kimechongoka. Hiyo 2.810 imewekwa ili risasi ya kiwandani iingie kwenye bunduki yoyote ya .308, ya kwako lazima uipime wewe.

Chukua ganda lililopigwa kwenye bunduki hiyo hiyo, tupu, lisiwe na baruti wala praima, kile kifuniko kidogo cha kitakoni kinachowasha baruti (hapo usinifanyie mzaha kabisa). Bana shingo kidogo tu ishike kichwa, kiweke kikiwa kimetokeza sana, ingiza, funga bolti polepole. Mistari ya ndani ya mtutu itakisukuma kichwa kirudi kwenye ganda. Toa taratibu, pima na kalipa (kifaa cha kupimia vipimo vidogo). Rudia mpaka namba zikubaliane, hapo umepata urefu wa kugusa mistari. Kichwa kikinasa, kisukume na fimbo ya kusafishia kutokea mdomo wa mtutu.

Mama_Shabaha
Naongezea, usipime kwenye ncha peke yake maana ncha za vichwa vya boksi moja hazilingani, hasa zile za madini laini ya risasi. Kuna kakifaa chenye tundu unakafunga kwenye kalipa, kanashika pale kichwa kinapoanza kunenepa, na ndipo panapogusa mistari.

Kuhusu kuzidisha, kichwa kikigusa mistari hakina nafasi ya kuanza kukimbia, presha inapanda ghafla. Na ukitaka kuitoa risasi bila kupiga, kichwa kinaweza kubaki kwenye mtutu, ganda linatoka peke yake na baruti inamwagika yote kwenye bolti. Ila ukikizamisha sana nako nafasi ndani ya ganda inapungua, presha inapanda vilevile.

Mlenga_Texas
Asanteni sana. Nimepima, inagusa kwenye 2.865, lakini magazini inameza mpaka 2.830 tu.

fundi_wa_benchi
Basi magazini imeshakuamulia. Wengi tunaacha nafasi ya kama inchi 0.020 kabla ya mistari, kwako ingekuwa 2.845, haiingii. Kwa kuwinda anza na urefu wa kitabu cha hicho kichwa chako na kipimo cha chini cha baruti, panda taratibu huku unaangalia praima zisibapike na bolti isiwe ngumu kufungua. Ukibadilisha urefu au aina ya kichwa, shuka tena chini uanze upya.

Mama_Shabaha
Na ukija kutumia vile vichwa vya shaba tupu vya kampuni ya Barnes, wenyewe wanashauri uanzie inchi 0.050 kutoka kwenye mistari, na pima upya kwa kichwa hicho maana hiyo 2.865 ni ya hiki ulichonacho tu.