Bibi wa kituoni kaanguka mara ya tatu, tumfunge kitandani kweli?

binti_buhongwa
Mwangaluka wadau. Nafanya kazi kituo cha wazee nje kidogo ya Mwanza, tuna bibi wa miaka 81, mwezi huu kashaanguka mara tatu, ya juzi kapasuka juu ya jicho kashonwa nyuzi nne. Kiongozi wa zamu anataka usiku tumfunge na kanga kitandani asishuke. Bibi kasikia, kaniambia "mjukuu wangu, mi sio mbuzi". Nyie mnafanyaje?

nesi_kirumba
Msimfunge jamani! Atapambana kujinasua aanguke vibaya zaidi, na mzee akilala tu siku nzima miguu inaisha nguvu. Aliyeshaanguka ni rahisi kuanguka tena, kwa hiyo rudini nyuma muangalie kila mara ilikuwa saa ngapi, alikuwa anaenda wapi, kavaa nini mguuni. Presha mpimeni amelala, asimame, mpime tena dakika ya 1 na ya 3, ile namba ya juu ikishuka 20 au zaidi mwambieni daktari. Anameza dawa gani kwani?

binti_buhongwa
Ya presha, ile ya kukojoza, tunampa jioni na uji. Nimefungua daftari la zamu sasa hivi, kumbe zote tatu ni kati ya saa nane na saa kumi usiku, na choo kiko nje, unavuka uwanja 😳

mzee_wa_kivuko
Sasa hapo mwalimu wa hesabu wa nini? Dawa ya mkojo jioni, giza, uwanja wa mawe kama mnavyojua mawe yetu ya huku, na nabeti kavaa kandambili. Babu yangu alikuwa hivyohivyo, za kwake soli imelika hadi inang'aa, tukamletea raba za kubana kisigino na ndoo ya mfuniko pembeni ya kitanda.

nesi_kirumba
@binti_buhongwa dawa msihamishe wenyewe, muulizeni daktari kama inaweza kwenda asubuhi. Macho pia yaangaliwe, mtoto wa jicho anaangusha wengi. Na mchana awe anasimama na kukaa kwenye kiti imara, mara kumi hivi, mtu kasimama karibu.

binti_buhongwa
Mrejesho: daktari kakubali asubuhi. Kandambili ndo zilikuwa zenyewe, tena kushoto zote mbili 😂 Ndoo nimeleta ya bluu, kaikataa, anasema hiyo ni ya kudekia, nimtafutie nyekundu.