Tupeane uzoefu: siku uliyomwona msanii wako jukwaani ukiwa ughaibuni

Wakuu, habari za majukumu. Uzi huu ni wa waliowahi kumwona kwa macho msanii wanayempenda wakiwa nje ya nchi. Nyumbani tuliwasikia redioni tu, wengi wetu tumekuja kukutana nao huku kwenye baridi. Naanza mimi, wengine mtiririke.

Mimi ni mgonjwa wa Fally Ipupa, mwanamuziki wa Kongo, tangu yupo Quartier Latin, bendi ya Koffi Olomide, kabla hajatoka kivyake mwaka 2006. Nilipohamia Paris nilijua nimemfuata mlangoni. Wapi! Waliokaa Ulaya miaka ile wanawajua "combattants", Wakongomani wa ughaibuni waliokuwa wanaipinga serikali ya Kinshasa. Walisema mwanamuziki anayewasifia wakubwa hapandi jukwaa huku, na kweli wengi hawakupanda. Shoo inatangazwa, siku ikikaribia inafutwa. Tukazoea.

Ndipo ikaja tarehe 28 Februari 2020, Bercy, ukumbi wa watu kama 20,000. Mke wangu alinisihi nisiende. Nilipanda metro namba 6 badala ya 14 ili nisipite stesheni ya Gare de Lyon, maana video za moto wa waandamanaji wanaoipinga shoo zilishaanza kuzunguka kwenye simu. Kutoka nje tu nikauona moshi mweusi umetanda upande wa stesheni, unanuka mpira. Pikipiki zilikuwa zinaungua. Polisi kila kona. Mbele yangu kwenye foleni kulikuwa na kijana amefunga koti mpaka kidevuni, kama mtu anayetoka kazini. Tulipovuka ukaguzi akalivua: ndani shati la hariri linawaka, kisha akatoa viatu vya ngozi kwenye mfuko wa plastiki akabadilisha palepale ukutani. Alikuja na pamba zake kwa siri, asijulikane njiani anaenda wapi.

Fally alipotokea, neno lake la kwanza sikulisikia, kelele zilimmeza. Sebene lilipoingia, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, nikamtafuta mpiga mi-solo. Hilo ni gitaa linalokaa katikati ya rithimu na solo, na kwenye rekodi mara nyingi limezama. Nilikodolea macho vidole vyake mpaka sikio likalishika, na tangu siku hiyo kila nikisikiliza bolingo nalisikia. Hilo peke yake lilitosha nauli na tiketi.

Jirani yangu alikuwa mama mmoja wa makamo. Aliona naimba kila neno, akanisemesha Kilingala, nikabaki natabasamu. Kuja kuulizana, yeye ni wa Bukavu. Akageuza Kiswahili: "Weye unaimba vizuri hivi, na hauelewe?" Akaanza kunitafsiria sikioni. Wimbo niliocheza kwenye harusi mbili, pamoja na yangu, kumbe ni wa mtu aliyeachwa!

Kesho yake serikali ya Ufaransa ikapiga marufuku mikusanyiko ya ndani ya zaidi ya watu 5,000 kwa sababu ya korona. Siku moja tu ingenikosesha. Nimemwona tena Novemba 2023 pale La Défense Arena, ukumbi mkubwa kuliko Bercy na bila hofu yoyote, nikafurahi sana. Ila moyo wangu uko Bercy.

Haya, zamu yenu.

#2
Mkuu umenirudisha mbali. Mimi ni wa zamani kidogo, nilikuwa mwanafunzi Uingereza mwaka 1988 Remmy Ongala na Super Matimila walipoletwa na WOMAD, lile tamasha la muziki wa dunia. Wazungu walikuwa wanaruka kwa furaha na Remmy anaimba habari za mnyonge, kwa Kiswahili, hakuna anayejua neno. Mimi nimesimama nalia. Mzee mmoja akanishika bega, akaniuliza kama naumwa. Nikamweleza ubeti mmoja, kisha wa pili. Aliacha kucheza, akawa anasikiliza.

#3
Mimi yangu ni chungu. Promota simtaji, msanii pia simtaji kwa sababu bado nampenda. Nilikata tiketi miezi miwili kabla, nikasafiri kwa basi saa sita hadi mji mwingine. Tangazo lilisema saa mbili usiku. Alipanda saa tisa usiku, akaimba nyimbo nne juu ya sauti ya CD, akashuka. Miguu ilivimba. Wenzangu, kabla hujalipa uliza swali moja: anakuja na bendi au anakuja na flashi?

#4 (mwenye uzi)
Pole sana dada, hiyo inauma. Na hilo swali ni la msingi kweli. Bendi nzima ni viza nyingi na tiketi nyingi za ndege, ndiyo maana mapromota wengi wanamleta mtu mmoja na DJ wake. #2, shikamoo. Nilikuwa sijazaliwa, nimekuonea wivu.

#5
Mkuu, huyo mama wa Bukavu mliachana wapi?

#6 (mwenye uzi)
Stesheni ya Nation, saa za usiku mnene. Hatujaachana hata hivyo. Mke wangu ndiye aliyemwomba namba siku alipokuja kutusalimia, na mpaka leo anatutumia tafsiri kwa sauti WhatsApp, wimbo mmoja mmoja. Jana katuma wa 41.