Matangazo ya shule kwa wazazi: tuyaandikeje yafike na yafuatwe? (Bagamoyo)

MwlTaarifa_Bagamoyo

Assalaam alaykum, na habari za leo wakuu.

Shule yetu ya msingi, ya serikali, iko upande wa Dunda. Kuanzia muhula huu kutakuwa na karatasi moja ya taarifa kwa wazazi kila mwezi, pamoja na grupu la WhatsApp na meseji za kawaida kwa wenye simu za kitochi. Ya kutangaza ni mengi: siku ya dawa za minyoo na kichocho, uji wa shule, kikao cha wazazi, sare, mtihani wa darasa la saba na upimaji wa darasa la nne, uandikishaji wa awali na darasa la kwanza.

Karatasi nyingi zinabaki mkobani mpaka zinachanika. Kwenye grupu tangazo linafunikwa na salamu na dua. Wazazi wengine wanafika shuleni wakati kikao kimekwisha. Naomba msaada kwa wazoefu: karatasi iweje, meseji iandikwe vipi, siku ya dawa itangazwe kwa maneno gani, na habari ya michango iandikwe vipi bila kukiuka waraka wa serikali?

---

Mwl_Mstaafu

Waalaykum salaam, mwalimu. Nianze na karatasi.

Usitumie A4 nzima. Ikate katikati, taarifa yako iingie kwenye nusu. Rimu moja ina karatasi 500, kwa hiyo unapata nusu 1,000. Toa moja kwa kila familia, usitoe moja kwa kila mtoto, na mpe mtoto mdogo kuliko wote wa familia hiyo aliyepo shuleni. Mkoba wa mtoto wa awali au darasa la kwanza mama anaufungua kila siku kutafuta kikombe. Mkoba wa darasa la sita haufunguliwi na mtu. Orodha ya ndugu waliopo shuleni iandaliwe mara moja mwanzoni mwa mwaka kutoka kwenye rejesta, kisha kila mwalimu wa darasa ajue nani ni mbebaji.

Chini ya karatasi acha kipande cha kukata: jina la mtoto, darasa, sahihi ya mzazi au mlezi. Andika "mlezi" kila mara, maana watoto wengi hapa wanakaa na bibi au shangazi, na karatasi iliyoandikwa "mzazi" peke yake inawekwa ikimsubiri baba aliye Dar. Kipande kirudi ndani ya siku 2. Asiyerudisha, mwalimu wa darasa anampigia simu mlezi, hangoji siku ya tukio.

Sasa jambo linaloharibu kuliko yote: saa. Simu inaonyesha 8:00, mwalimu anaandika "kikao saa 8:00", mzazi anasoma saa nane mchana. Amechelewa kwa saa sita nzima, na hana kosa. Andika saa kama tunavyozitamka, na utaje kipindi cha siku: "saa 2:00 asubuhi", "saa 10:15 alasiri". Usiandike 08:00 hata kama barua iliyotoka halmashauri imeandikwa hivyo. Wewe ndiye wa kuibadilisha kabla haijamfikia mzazi. Siku nayo iende na tarehe yake, "Jumatano, tarehe 8", kwa sababu ukikosea kimoja mzazi atagundua kwa kingine na kuuliza.

Jambo kubwa moja liwe juu kwa herufi nene. Mengine mistari miwili miwili. Ukiweka mambo saba kwa uzito sawa, hakuna litakalokumbukwa.

---

FundiMeseji

Kwenye meseji kuna gharama iliyojificha ambayo shule nyingi hazijui inatoka wapi.

Meseji moja ya kawaida inabeba herufi 160, nafasi na alama zikihesabiwa. Ukizidisha, inakatwa vipande vya herufi 153 na kila kipande kinalipiwa. Ila ukiingiza alama moja tu iliyo nje ya seti ya kawaida ya herufi za meseji, ukomo unashuka kutoka 160 hadi 70, na vipande vinakuwa vya herufi 67. Kwetu mkosaji mkubwa ni ile alama ya juu ya "ng'" katika neno kama "ving'arishwe". Ukiandika kwenye kompyuta, programu inaipinda yenyewe. Iliyopinda haimo kwenye seti, iliyonyooka imo. Vivyo hivyo kistari kirefu na emoji yoyote. Kwa hiyo andika meseji kwenye simu, au ibandike kwanza kwenye programu ya maandishi matupu uikague.

Mfano wa kutumia:

*Jumatano tar 8 ni siku ya DAWA ya minyoo na kichocho. Mtoto ALE nyumbani kabla ya kuja, aje na chupa ya maji. Maswali: mwalimu wa afya.*

Hizo ni herufi 135, meseji moja. Ingekuwa na alama moja iliyopinda, kwa urefu huohuo ingekatwa vipande 3. Kwa wazazi 600 shule ingelipia meseji 1,800 badala ya 600.

Tuma mara mbili: siku 3 kabla, na jioni ya kuamkia siku yenyewe kati ya saa 1 na saa 2 usiku, watu wakiwa wametulia nyumbani. Wiki moja kabla ni mapema mno kwa meseji. Hiyo ni kazi ya karatasi.

WhatsApp: fanya magrupu mawili. La matangazo liwe na viongozi pekee wenye ruhusa ya kuandika, la mazungumzo liwe wazi. Kila tangazo la maandishi lifuatwe na ujumbe wa sauti wa sekunde 40 hivi, maneno yaleyale, kwa bibi na babu wasiosoma vizuri.

Na tafadhali, picha za karatasi za matokeo zenye majina, orodha ya wasiolipa mchango, na habari ya ugonjwa wa mtoto visiingie kwenye grupu kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na shule nayo inashika taarifa za watu. Hata sheria isingekuwepo, mtoto anayeonwa na mtaa mzima kuwa wa mwisho darasani anaumia.

---

Muuguzi_Pwani

Nitakaa kwenye dawa, maana hapo tangazo baya linamdhuru mtoto moja kwa moja.

Zinazotolewa ni mbili. Albendazoli ya minyoo ya tumbo, kidonge kimoja cha miligramu 400 kwa kila mtoto. Prazikwanteli ya kichocho, vidonge vya miligramu 600, idadi yake hupatikana kwa kumsimamisha mtoto kwenye fimbo ya kipimo cha urefu. Mwenye sentimita 110 hadi 124 anapewa kimoja na nusu, 125 hadi 137 viwili, 138 hadi 149 viwili na nusu. Liseme hili kwenye tangazo kwa sentensi moja: "Idadi ya vidonge hutegemea urefu wa mtoto." Lisiposemwa, watoto wa nyumba moja wanarudi, mmoja kameza viwili na mwingine vinne kwa jumla, na jioni uvumi umeshafika sokoni kwamba wengine wamezidishiwa.

Chakula ndicho kiini cha tangazo. Prazikwanteli ikiingia tumbo tupu, kichefuchefu, kizunguzungu na maumivu ya tumbo huwa makali zaidi, na mtoto akitapika dawa imepotea. Kwa hiyo "ALE" iandikwe kwa herufi kubwa. Chai ya rangi peke yake haitoshi. Kiporo cha wali, muhogo, maandazi, uji mzito, chochote cha kushiba. Shule nayo iwe na uji siku hiyo kabla ya dawa kuanza, kwa sababu wapo watakaokuja bila kula hata ukiandika kwa wino wa dhahabu. Siku ya dawa isipangwe ndani ya Ramadhani. Ratiba ikiangukia hapo, mwalimu mkuu aombe mapema isogezwe.

Waambie wazazi kabla: mtoto anaweza kuumwa tumbo au kizunguzungu kwa saa chache, hasa yule mwenye wadudu wengi, kwa sababu wanakufa ndani ya mwili. Inapita. Akitapika mfululizo, akivimba uso au akipata shida ya kupumua, apelekwe kituo cha afya mara moja. Mzazi aliyeambiwa kabla hashtuki. Asiyeambiwa atawazuia watoto wake mwaka ujao.

Kisha omba taarifa: "Mtoto mwenye kifafa, au anayeumwa siku hiyo, mlezi amwone mwalimu wa afya kabla ya dawa." Amwone ana kwa ana, asiandike kwenye grupu. Watoto wa miaka 5 hadi 14 wasioandikishwa shule nao wana haki ya dawa hii, liandikwe ili jirani amlete.

Mstari mmoja wa mwisho: kichocho hakipatikani baharini. Konokono wake wanaishi kwenye maji baridi, madimbwi, mifereji ya mpunga na kingo tulivu za Ruvu. Watoto wetu wanaogelea kote kuwili, na wazazi wengi wanawakataza bahari huku wakiwaachia bwawa.

Chanjo ya HPV kwa wasichana, ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, itangazwe kwa karatasi yake peke yake, isichanganywe na dawa za minyoo. Tangu 2024 ni dozi moja. Vikichanganywa, hofu ya kimoja inahamia kwenye kingine.

---

Mjumbe_KamatiYaShule

Mwalimu, kwenye michango tangazo lipimwe kila neno.

Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ndio ulioondoa ada na michango ya lazima, ukaanza kutekelezwa Januari 2016. Waraka Na. 3 wa 2016 ukaeleza wajibu wa mzazi: sare, madaftari na kalamu, chakula, matibabu. Kwa hiyo usiandike "kila mzazi anatakiwa kulipa". Andika kikao cha tarehe fulani kilikubaliana nini, kiasi gani, nani anapokea, na kwamba stakabadhi inatolewa. Halafu sentensi hii isikosekane: "Hakuna mwanafunzi atakayerudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango." Pesa isipewe mtoto wala mwalimu wa darasa.

Uji uelezwe kwa hesabu, watu wanaamini wanachoweza kupima. Kikombe kimoja ni gramu 50 za unga na gramu 10 za sukari. Siku 20 za shule kwa mwezi, hiyo ni kilo moja ya unga na gramu 200 za sukari kwa mtoto. Mwenye mahindi alete mahindi. Yapokelewe makavu, yakaguliwe mbele ya aliyeleta: yenye ukungu au yaliyobadilika rangi yasipokelewe, kwa sababu sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kupika. Unga wa dona usisagwe wa miezi miwili, mafuta ya kiini yanachacha upesi kwa joto na unyevu wa huku pwani. Sagisha wa wiki mbili, magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta.

Uandikishaji ni mfupi: awali miaka 5, darasa la kwanza miaka 6, cheti cha kuzaliwa. Asiye na cheti aje na kadi ya kliniki huku akikifuatilia RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi. Tangaza kuanzia Oktoba, usisubiri Januari foleni ifike getini. Anayehamia aje na namba yake ya PREM (mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi), bila hiyo uhamisho unakwama.

---

MtuWaMwani_Mlingotini

Hamjagusa siku ya kikao. Kwetu siku inapangwa na bahari.

Wavuvi wa dagaa wa taa wanatoka usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu, karibu tarehe 12 hadi 18 za mwezi wa Kiislamu, taa hazivuti dagaa, kwa hiyo akina baba wapo mjini. Tatizo ni kwamba siku hizohizo ni bamvua, bahari inapojaa na kupwa kuliko kawaida, na maji ya bamvua yanakupwa karibu saa 4 na saa 5 asubuhi. Hapo akina mama wa mwani, chaza na pweza wako mbali pwani. Ukiita kikao asubuhi umepata nusu ya familia.

Ita Jumamosi iliyo ndani ya siku hizo, baada ya sala ya alasiri. Maji yamejaa, hakuna wa kwenda pwani, baba hajatoka, na watoto wa madrasa wako madrasa. Mmalize kabla ya saa 12 jioni, Magharibi isiwakute. Ijumaa mchana usiiguse. Na kwenye masika weka siku ya akiba kwenye karatasi ileile, maana mvua ya asubuhi inafunga njia za ndani na bodaboda hazipiti.

---

MwlTaarifa_Bagamoyo

Ahsanteni sana, nimejifunza mengi. Rasimu ya sehemu ya juu, naomba mnikosoe:

*KIKAO CHA WAZAZI NA WALEZI. Jumamosi, saa 10:00 alasiri, shuleni. Ajenda: uji wa shule na sare. Mvua ikizuia, ni Jumapili saa ileile. Kata kipande cha chini, saini, mpe mtoto akirudishe ndani ya siku 2.*

---

Mwl_Mstaafu

Imekaa vizuri. Rekebisha matatu. Jumamosi haina tarehe, na karatasi itakaa ukutani wiki nzima. Saa 10:00 isogeze iwe 10:15, na uongeze "baada ya sala", wanaotoka msikitini wasikute kikao kimeanza. Na kwenye kipande ongeza namba ya simu ya mlezi inayopatikana sasa, maana namba za rejesta zinachakaa kila mwaka, na hizo ndizo FundiMeseji atakazotumia.