Gavana Altgeld na msamaha wa 1893: alitenda haki au alijipalia makaa?

Wakuu salaam. Kila Mei Mosi huku kwetu watu wanavaa fulana na kofia za chama cha wafanyakazi, wanapita mbele ya mgeni rasmi na mabango, wanasubiri kusikia kama mshahara utapanda, halafu ukiwauliza kwa nini iwe tarehe 1 Mei wengi wanakuangalia tu. Asili yake ni Chicago 1886. Ila leo sitaki tuwajadili walionyongwa, nataka tumjadili gavana aliyewatoa waliobaki, John Peter Altgeld wa jimbo la Illinois, maana kuna jamaa tumebishana naye juu ya huyu mzee mpaka chai ikapoa.

Stori kwa wasioijua. Mei 1886 wafanyakazi waligoma wakidai siku ya kazi iwe masaa 8. Tarehe 4 usiku kuna mkutano pale Haymarket, polisi wakaja kuutawanya, mtu akarusha bomu, polisi 7 wakafa kwa jumla. Aliyerusha hajajulikana mpaka leo. Wakashtakiwa watu 8, waandishi na wasemaji wa wafanyakazi, saba wakahukumiwa kifo na wa nane, Oscar Neebe, akapewa miaka 15. Novemba 1887 wanne wakanyongwa, mmoja alishajiua selo siku moja kabla, na wawili, Fielden na Schwab, gavana wa wakati ule akawapunguzia ikawa kifungo cha maisha.

Altgeld anaingia ofisini Januari 1893. Mtu aliyezaliwa Ujerumani, akaletwa Marekani akiwa mchanga, akakulia shambani Ohio, akaenda vitani na miaka 16, akawa mwalimu, wakili, jaji, akapata na hela nzuri kwenye majengo Chicago. Yaani sio mtu wa kusema alikuwa na njaa. Tarehe 26 Juni mwaka huohuo akawaachia wote watatu.

Sasa hoja ya jamaa yangu, na naomba niiweke vizuri nisije nikaambiwa nimempakazia, ni kwamba kuwaachia hakukuwa tatizo. Maelfu ya watu walishasaini kuomba huruma, wakiwemo matajiri wa mabenki. Angeandika mistari mitatu tu, wameshateseka vya kutosha, waende nyumbani, kila mtu angelala salama. Yeye akatoa waraka wa kurasa na kurasa, akasema kesi yenyewe ilikuwa ya mchongo na Gary, jaji aliyeisikiliza, alikuwa na upendeleo. Hapo ndo magazeti yakamrukia, wakamwita anarkisti, yaani mtu asiyetaka serikali yoyote iwepo, wakamtupia na uzawa wake wa Ujerumani usoni. Na mahakama kuu ya jimbo ilishaipitia ile kesi ikaikubali, sasa gavana ni nani aje ajifanye mahakama juu ya mahakama? Wengine wanaenda mbali zaidi wanadai alikuwa na kinyongo chake na Gary.

Nakubali hilo la kinyongo siwezi kulifuta, na kuna sehemu ya ule waraka mzee kakaza sana mkono kwa Gary. Lakini hebu angalieni alichokikuta kwenye makabrasha. Kule kwao hatia inaamuliwa na raia 12, wanaita juri, na kawaida majina yanapatikana kwa kura. Hapa aliteuliwa ofisa mmoja aende mwenyewe kuwatafuta, na kuna kiapo cha shahidi kwamba ofisa huyo alitamba yeye ndo anaiendesha hii kesi na hawa jamaa lazima wanyongwe. Akaletwa mtu ambaye ni ndugu wa polisi aliyekufa, upande wa utetezi wakampinga, jaji akasema hana shida anafaa! Ikabidi wamkatae kwa kutumia zile nafasi zao zenye kikomo za kukataa bila sababu. Mwingine anasema wazi nshakuwa na msimamo kuhusu hawa watu, anaulizwaulizwa mpaka anakubali kwamba atajitahidi kuwa mwadilifu, basi anaonekana anafaa.

Ukiyaona hayo halafu ukaandika "nawahurumia", umesema kwamba wana hatia. Na wale wanne walioko makaburini umewaacha na hatia yao milele. Kwangu huo ndo ungekuwa uoga, tena uoga wa mtu mwenye digrii ya sheria kichwani hata kama hakwenda chuo.

Alilipa lakini. 1894 mgomo wa reli, ule ulioanzia kampuni ya mabehewa ya Pullman, rais Cleveland akapeleka jeshi la shirikisho Chicago bila gavana kuomba, Altgeld akampelekea telegramu kali kupinga, magazeti yakasema si mnaona, mtetezi wa wahuni. Wakati huyohuyo alikuwa anatuma wanamgambo wa jimbo kulinda amani akiombwa! 1896 akaangushwa. Mwenzangu anasema hapo ndo hasara kwa wafanyakazi wenyewe, maana aliyemweka Florence Kelley kuwa mkaguzi mkuu wa viwanda, akipambana na ajira za watoto, ni huyu Altgeld, na akiondoka yeye na Kelley naye anaondolewa. Hii pointi inaniuma kidogo, sijaipatia dawa nzuri. Mali nayo ikayeyuka, jengo lake refu la ghorofa likamtoka. Machi 1902 alihutubia kuwatetea Makaburu dhidi ya Waingereza, akaanguka, akafa siku iliyofuata, na mji wenyewe ni Joliet, palepale penye gereza alilowatoa wale watatu.

Ila mniambie kuhusu Neebe. Meya wa zamani wa Chicago alieleza kwamba mwendesha mashtaka mwenyewe alikiri hana ushahidi wa kutosha dhidi ya huyu mtu, akataka kumfutia, akashauriwa asimfutie kwa sababu juri wataona kesi nzima imelegea. Mke wake akafa yeye akiwa jela. Rufaa ya jimbo imegonga mwamba, mahakama ya juu Washington nayo imekataa kuigusa. Nyie wa mgawanyo wa madaraka, mnaosema gavana asiingilie mahakama, Neebe alitakiwa aende kwa nani tena?