Mrejesho: mtoko na mama ulioingia doa

Asanteni kwa majibu. Swali lilikuwa: muziki uko juu, chakula hakiji, mama kanyamaza kimya, jioni inaokolewaje?

Kilichosaidia zaidi ni kuhama meza, maana muziki hata ukipunguzwa hurudi palepale. Pembeni, mbali na spika, mama aupe ukuta mgongo, nawe ukae upande wa sikio lake linalosikia vizuri zaidi, mwanga ukikuangukia usoni. Kupaza sauti ni kazi bure: umri ukienda, sauti nyembamba kama s, f na t ndizo hupotea kwanza, hivyo anasikia kelele yako bila maneno. Ongea taratibu, midomo aione.

Chakula kikipita dakika 30, usiulize "bado?" Uliza kama kimeshaanza kupikwa. Kama hakijaanza, futa oda kwa adabu, lipia vinywaji, ondokeni. Kikiwa tayari motoni, agiza kitu kidogo cha kushikia tumbo.

Na radhi iombwe mara moja tu. Ukirudiarudia, mama ndiye anaanza kukubembeleza wewe (wazazi bwana!). Chai ya nyumbani, viatu vimevuliwa, ndiyo iliyomaliza kazi.