Mama figo steji 3, damu 8.3: tumchome zile sindano za kuongeza damu au?

Natokea_Kilosa:
Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada kwa wenye uelewa maana huku nyumbani kila mtu keshakuwa daktari. Mama yangu ana miaka 61, sukari anayo mwaka wa 12 huu na presha juu yake. Mwezi jana akaanza kuchoka hovyo, akitoka bombani na ndoo ndogo tu anahema kama kakimbizwa, tukampeleka hospitali wakampima wakasema figo zimeanza kuchoka, steji 3a, eGFR (kile kipimo cha figo zinavyochuja) 49, na damu ni 8.3. Kapewa vidonge vya madini chuma vya mwezi mmoja karudishwa nyumbani.

Sasa kuna jamaa wa duka la dawa anasema vidonge ni kupoteza muda, mtu wa figo damu haipandi mpaka achomwe zile sindano wanazochomwa watu wa kwenye mashine ya kusafisha damu, na yeye anaweza kutuletea. Shangazi naye kaja na dumu la rozela na juisi ya bitiruti. Mimi niko Dodoma, kazi yangu kutuma hela tu, sasa nisije nikatuma hela kwenye kitu kisicho na kazi. Nifanyeje?

Baba_Mapacha:
Rozela mkuu usiidharau, wife wangu wakati wa mimba damu ilikuwa 9 ikapanda mpaka 11 kwa rozela tupu.

Kiti_cha_Nyuma:
@Baba_Mapacha rozela tupu au na vile vidonge vyekundu vya kliniki alikuwa anameza? 😂

Baba_Mapacha:
Alikuwa anameza ndio. Lakini na rozela.

Zamu_ya_Usiku:
Ndugu pole na kuuguza. Mimi ni nesi, wodi niliyokaa muda mrefu ni ya magonjwa ya ndani. Sijamuona mama kwa hiyo haya yapeleke kwa daktari wake, usiyafanye cheti.

Ni kweli figo zinahusika na damu, zenyewe ndizo zinatoa ile homoni inayouamsha uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu, figo zikichakaa homoni inapungua na damu inashuka. Ila angalia namba zako. eGFR 49 ni figo ambayo bado inajitahidi, wengi wa kiwango hicho damu inakuwa 11, 12, wengine haijashuka kabisa. Kuporomoka mpaka 8.3 kwa figo peke yake sio kawaida, hizo namba mbili haziendani, na mimi nikiona haziendani nauliza damu inapotelea wapi. Ndio kosa ninaloliona sana, mtu akishaambiwa ana figo basi kila kitu kinatupiwa figo.

Kwa hiyo kabla ya sindano yoyote ulizia kama wamempima feritini, yaani akiba ya chuma mwilini, na kile kipimo cha asilimia ya chuma kinachosafiri kwenye damu. Kwa mtu wa figo feritini chini ya 100 na asilimia chini ya 20 ni upungufu wa chuma, msishangae maabara ikiandika 60 ikasema ni kawaida, hiyo kawaida ni ya mtu mzima wa afya, halafu feritini huwa inapanda yenyewe mtu akiwa na maambukizi kwa hiyo inaweza kudanganya. Na kama anameza metformini ya sukari miaka yote hiyo waangalie vitamini B12 pia, inashushwa na hiyo dawa, halafu ganzi ya miguu watu wanaisingizia sukari.

Sindano za jamaa yako achana nazo kwa sasa. Kwanza bila chuma hazifanyi kazi, ni sawa na kumhimiza fundi ajenge na matofali hamna. Pili kwa mgonjwa ambaye hajafika kwenye mashine hazianzwi damu ikiwa 10 au zaidi, na hata zikianzwa hatukimbilii kumfikisha kwenye 13 ya mtu mzima wa afya, mwisho ni kama 11.5 hivi. Mwaka 2009 ulitoka utafiti mkubwa wa watu zaidi ya 4,000, wote wana sukari na figo zilizochoka ila hawajafika kwenye mashine, kundi lililopandishwa damu kuelekea 13 likapata kiharusi karibu mara mbili ya wenzao. Na presha inapanda. Mama ana presha tayari, halafu achomwe dukani bila mtu wa kumfuatilia??

Rozela haina chuma cha kutegemea. Na najua rozela za mashangazi, humo ndani kuna kikombe kizima cha sukari.

Nijibu haya: anameza dawa gani za maumivu? Choo chake rangi gani? Damu ya mwezi ilishakata?

Figo_Moja_Safari:
Naongezea kama mgonjwa. Mimi niko steji 4, hizo sindano nachomwa kila baada ya wiki mbili na zimenisaidia kweli, nilikuwa siwezi hata kusimama kwenye daladala. Ila nilianza baada ya chuma kujazwa kwanza kwa dripu, na presha napima kila siku maana mwezi wa kwanza ilinipanda mpaka wakapunguza dozi. Halafu zinatunzwa kwenye friji, hiyo ya jamaa imekaa wapi Mungu ndio anajua. Kingine msiwe na haraka ya kuongezewa chupa za damu kama hali sio mbaya sana, mimi waliniambia zinaweza kunisumbua huko mbele nikitafuta mtu wa kunichangia figo, mwili unakuwa umeshazoea kupigana na vitu vya watu.

Natokea_Kilosa:
Asante sana dada (au kaka?) @Zamu_ya_Usiku. Nimempigia mama sasa hivi. Damu ya mwezi ilikata zamani. Magoti yanamsumbua, anameza diklofenaki, anasema "kimoja kimoja tu" ila mdogo wangu anasema kila siku tangu mwaka juzi. Choo ni cheusi, nilidhani ni vile vidonge.

Zamu_ya_Usiku:
Ni dada. Vidonge vya chuma vinafanya choo cheusi kweli. Muulize kilianza lini, kabla ya vidonge au baada?

Natokea_Kilosa:
Kabla. Anasema tangu mfungo, aliona aibu kusema.

Zamu_ya_Usiku:
Basi hiyo inaweza kuwa damu inavuja tumboni. Kesho asubuhi arudi hospitali, asisubiri tarehe ya kliniki, na hicho kitu akiseme chumbani kwa daktari hivyo hivyo. Akizimia au akitapika damu usiku huu mpelekeni hapo hapo. Diklofenaki aache leo, inachubua tumbo na hizo hizo figo inazimaliza.

Kiti_cha_Nyuma:
Uzi wa figo kumbe ni uzi wa magoti.

Natokea_Kilosa: *(wiki ya tano)*
Wakuu narudisha mrejesho. Walimpitisha kile kimpira chenye kamera wakakuta vidonda viwili vya tumbo, kimoja kilikuwa kinavuja. Na wale bakteria wa vidonda walikuwepo, kapewa dozi kamaliza. Feritini ilikuwa 11! Kwa kuwa anatumia dawa ya kupunguza asidi ambayo inazuia chuma kisinyonywe vizuri, wakaona vidonge vitasuasua, wakampa chuma cha dripu mara nne. B12 iko sawa. Juzi damu 10.4, figo bado 49 ile ile, na daktari kasema sindano hazihitajiki, arudi kupima baada ya miezi mitatu. Magoti kapewa ya kupaka na parasetamo.

Akimaliza dawa za tumbo ataendelea na vidonge vya chuma, kimoja kila baada ya siku moja, sasa ugomvi umebaki kwenye chai. Kaambiwa asimeze na chai, akae saa moja mbili hivi, yeye anasema hajawahi kumeza kitu asubuhi bila chai ya rangi na hataanza leo.

Zamu_ya_Usiku:
Ameze usiku akienda kulala, na maji. Chai yake mwachieni.